Nasaba ya mkwe wangu: je, Bibi Elizabeth alikuwa binti wa Gavana Carver?

Mwalimu Mstaafu, Ujiji
Ndugu zangu, salaam. Mkwe wangu, Mmarekani aliyeolewa na mwanangu, amenitumia picha ya karatasi ya nasaba yao ili niwawekee wajukuu kumbukumbu ya pande zote mbili. Upande wetu nimekwisha kuuandika hadi kwa babu aliyevuka ziwa kutoka Manyema. Karatasi hiyo inaanzia kwa John Howland, aliyefika Marekani mwaka 1620 kwa meli ya Mayflower. Inasema alimwoa Elizabeth, binti wa John Carver, gavana wa kwanza wa koloni lao la Plymouth, akafariki tarehe 23 Februari 1672/73. Mtu hufaje katika miaka miwili? Na je, niinakili kama ilivyo?

Mwana wa Tabora
Shikamoo, mwalimu. Miaka hiyo miwili si kosa. Hadi mwaka 1752 Waingereza na makoloni yao walikuwa wakianza mwaka mpya tarehe 25 Machi, kwa hiyo Februari ile kwao ilikuwa bado 1672, ilhali kwa hesabu yetu ni 1673. Iandike yote miwili vilevile.

Msoma Nyaraka, Kigoma mjini
Shikamoo, mwalimu. Lenye walakini ni hilo la Carver. Howland alikuwa mtumishi wake, na Carver na mkewe walifariki mwaka 1621, miezi michache tu baada ya kufika. Wazao wakaja kuamini kwamba kijana yule alioa katika nyumba ya bwana wake, hata jiwe la kaburi likachongwa hivyo. Imani hiyo ilivunjika pale muswada wa historia ya koloni hilo ulioandikwa na William Bradford, gavana aliyemfuata Carver, uliokuwa umepotea kwa miaka mingi, ulipopatikana katika maktaba ya Askofu wa London kule Fulham na kuchapishwa mwaka 1856. Bradford, aliyesafiri nao, anasema wazi kuwa mke wa Howland alikuwa binti wa John Tilley. Ubatizo wa Elizabeth umo katika daftari la parokia ya Henlow, Bedfordshire, Agosti 1607. (Bradford huyohuyo anasimulia jinsi Howland alivyorushwa baharini na dhoruba akadaka kamba ya meli, bila kamba ile, mkwe usingempata.)

Nakushauri usianzie kwa Howland ukishuka, bali kwa mkwe wako ukipanda, na kila hatua upate waraka unaomtaja mzazi pamoja na mtoto. Wosia ni mzuri zaidi. Howland mwenyewe aliacha wosia unaowataja watoto wake. Kufanana majina pekee hakutoshi: hapo Ujiji akina Juma Salum ni wangapi katika mtaa mmoja?

Mwalimu Mstaafu, Ujiji
Marahaba, wanangu, na ahsanteni. Nimemwuliza mkwe, naye anasema shangazi yake aliinakili karatasi hiyo kutoka kitabu cha zamani sana. Jina la Tilley nimeliandika kwa wino. Vizazi vitatu vya katikati, ambavyo hana cheti chake hata kimoja, nimeviandika kwa penseli.