Kugawa chumba cha chini ambacho sakafu yake inacheza: matofari, mbao ao chuma?

Mama wa Nguba: Hamjambo wote. Nyumba yetu iko mteremkoni, hapa Bukavu. Nataka kukata chumba cha chini, watoto wapate vyumba viwili. Shida ni sakafu: wakati wa mvua inavimba katikati, kiangazi inashuka. Fundi mmoja anataka matofari, mwingine mbao. Nimsikie nani?

Fundi Bagira: Matofari hapana, mama. Ni mazito na hayajui kupinda. Sakafu ikipanda kidogo tu, ukuta unapasuka ngazi kwa ngazi kufuata sima, ile saruji ya katikati ya matofari. Nimebomoa mbili za namna hiyo Muhungu. Piga mbao.

Yaya wa Kadutu: Mbao ndiyo, lakini zisikazwe chini na juu pamoja. Sakafu ikipanda itasukuma ukuta, ukuta utasukuma dari, na milango ya juu itakataa kufunga. Kule Colorado, Marekani, kwenye udongo unaovimba, wanauning'iniza ukuta kwenye miti ya dari. Mti mmoja unalazwa na kufungwa sakafuni, ukuta unaishia sentimita 4 hivi juu yake. Misumari mirefu inapita kwenye matundu ya mti wa chini wa ukuta na kushika ule wa sakafuni: ukuta hauyumbi, sakafu inapanda na kushuka yenyewe. Ubao wa kuficha mwanya upigiliwe kwenye mti wa sakafuni peke yake, usikazwe kwenye ukuta pia.

Fundi Bagira: Na fremu ya mlango iachiwe mwanya uleule. Hapo ndipo wengi tunaharibu kazi.

Kijana wa Panzi: Chuma chepesi je? Mchwa haukili, na unyevu haukipindi. Ila bei iko juu.

Yaya wa Kadutu: Kinafaa, mradi mwanya ubaki. Lakini mama, mimi naogopa kitu kingine. Huku Funu, mtaa wa hapa Bukavu, mlima wenyewe unateleza polepole. Kuta zako za nje zina nyufa?

Mama wa Nguba: Upande wa bonde kuna mmoja, wa zamani.

Yaya wa Kadutu: Basi usinunue hata msumari kwanza. Paka plasta kidogo kukatiza ule ufa, andika tarehe. Ikipasuka, ufa bado unatembea, pengine na nyumba nzima. Hapo ita injinia, ukuta wa ndani hautasaidia kitu. Maji ya mabati nayo yanaenda wapi?

Mama wa Nguba: Yanaanguka palepale kwenye msingi.

Fundi Bagira: Aa, mama! Anza na mifereji, wiki hii.

Mama wa Nguba: Aksanti sana. Plasta naipaka leo, na mbao zitangoja mvua ipite.