Back to the Future III: kwa nini hawakuchota petroli kwenye DeLorean iliyofichwa mgodini?

SaaYaMnara

Wakuu, hili naomba tulichambue mpaka mwisho. Kila uzi wa mapengo ya filamu za sayansi ya kubuni unalitaja kwa mstari mmoja, kisha watu wanarukia jingine.

Kwa waliosahau: mwishoni mwa sehemu ya pili radi inaipiga DeLorean, gari la kusafiria kwenye wakati, ikiwa angani, tarehe 12 Novemba 1955, na Doc, mvumbuzi wake, anatupwa hadi Januari 1885. Vipuri vya kutengeneza saketi za muda bado havijavumbuliwa, kwa hiyo anaificha gari kwenye mgodi wa Delgado uliotelekezwa, anaandika barua itakayomfikia rafiki yake kijana, Marty, miaka 70 baadaye. Marty na Doc wa 1955 wanalifukua, wanalikarabati, na Marty anatua tarehe 2 Septemba 1885. Hapo hapo bomba la mafuta linachanika, petroli inamwagika yote. Bila petroli hawafiki maili 88 kwa saa, yaani karibu kilomita 142, kasi ambayo gari linahitaji ili liruke wakati, na Doc anatakiwa kupigwa risasi tarehe 7.

Sasa hesabuni magari. Siku hiyo ya tarehe 2 ziko DeLorean mbili kwenye mji wao wa Hill Valley: moja imekauka mafuta, nyingine iko mgodini, ina miezi minane tu tangu ifichwe. Mpira na ndoo vimeshindikana nini? Tafadhali, jibu la "ni sinema tu bwana" silihitaji.

Fundi_Kabureta

Tenganisha mafuta na vipuri, maana jibu lake si moja.

Gari la mgodini ndilo litakalofukuliwa 1955 na kuwa hilo ambalo Marty kaja nalo. Ukichomoa kipuri humo 1885, umekichomoa pia kwenye gari ulilonalo mkononi, isipokuwa kiwe kitu ambacho Doc wa 1955 anaweza kukipata dukani. Tairi anaweza: filamu inaonyesha zile za zamani zimeoza na amefunga zenye ukingo mweupe za miaka ya 50. Saketi za muda kazibadilisha kwa vali za redio, kazifunga juu ya boneti. Lakini manifoldi (mabomba ya kugawia silinda hewa) ya injini ya PRV, V6 ya lita 2.85 ya Peugeot, Renault na Volvo? Mwaka 1955 hakuna mtu duniani anayeiuza.

Petroli haimo kwenye kundi hilo. Petroli iliyokaa miaka 70 hugeuka utomvu wa kuziba injekta (vinyunyizio vya mafuta) zote sita, na hata Doc asiye na haraka asingethubutu kuwasha nayo. Lazima 1955 alisafisha tangi na kujaza mpya. Ina maana petroli ya mgodini ndicho kitu pekee ndani ya gari lile ambacho historia haina haja nacho. Uichote au uiache, Marty bado anafika na petroli ya 1955.

Na kuichota ni kazi ndogo. Kwenye DeLorean injini iko nyuma, tangi liko mbele. Fungua boneti, toa tairi la akiba, chini yake kuna kifuniko cha pampu ya mafuta. Ingiza mpira hapo. Tangi zima ni lita 51 hivi.

Mgodi_wa_Delgado

Fundi, umeanza na dhana kwamba petroli ilikuwemo. Mtu anayeegesha gari kwa miaka 70 haliachi na mafuta. Anamwaga petroli, anatoa betri, anafunika. Akiiacha humo, pampu inakwama, mabomba ya chuma yanaliwa kwa ndani, na kipima mafuta cha mfumo wa injekta kinashikana kabisa. Doc aliambatisha maelekezo ya ukarabati kwenye barua. Huyo asahau tangi?

Tena, mlango wa mgodi ulizibwa. Mwaka 1955 iliwabidi watumie baruti kuingia.

Fundi_Kabureta

Sawa mkuu, aliimwaga. Aliimwagia wapi? Doc ni mhunzi, ana karakana, ana mitungi, na anajua kwamba petroli hiyo ndiyo pekee ya aina yake aliyonayo. Ikiwa kwenye chombo kilichozibwa vizuri, mahali penye baridi, miezi minane haiiui. Inapoteza sehemu nyepesi, kuwasha kunakuwa kugumu kidogo, basi.

Hoja yako naikubali kama maelezo, lakini filamu haiyatoi. Ilihitaji sentensi moja ya Doc: "nilishaimwaga Januari." Kwa hiyo mantiki haijavunjika. Kilichokosekana ni maneno ya mhusika, na mimi pengo la aina hiyo naliweka daraja la pili.

BintiReli

Kabla hamjagombania lita 51, hesabuni wanahitaji ngapi.

Gari lenyewe ni kilo 1,230 hivi. Ongeza mitambo ya Doc na watu wawili, tuseme 1,500. Maili 88 kwa saa ni mita 39.3 kwa sekunde. Nishati ya mwendo huo ni nusu ya uzito mara kasi kwa kipeo cha pili, inakuja megajuli 1.16. Lita moja ya petroli ina megajuli 32 hivi, na injini ikikanyagwa inageuza karibu robo yake kuwa mwendo, yaani megajuli 8. Kwa hiyo mwendo peke yake unakula chini ya mililita 150. Zidisha mara mbili kwa ajili ya upepo na ardhi laini, kisha weka akiba: nusu lita inatosha kurudi 1985.

Kinacholeta shida ni pampu. Imo ndani ya tangi, na mfumo wa injekta una bomba refu kutoka mbele hadi nyuma, chujio, na chupa ya kutunza shinikizo, na mafuta ya ziada yanarudi tangini. Ukimimina nusu lita pampu itavuta hewa. Lita 3 hadi 5 ndipo utulie.

Na bomba lililochanika lisizibwe kwa ngozi na kamba. Shinikizo mle ni kama bar 5. Mhunzi akichomelea kipande cha bomba la shaba, hapo sawa.

Mchuzi_wa_Flaksi

Kumbe wanatafuta kidumu kimoja tu cha mafuta 😂 filamu nzima, treni nzima ya kulisukuma gari, kwa kidumu cha lita tano.

Nafta1876

Hapo ndipo pengo lenyewe lilipo, na halihusu mgodi hata kidogo.

Doc anasema hakutakuwa na kituo cha mafuta eneo hilo mpaka karne inayofuata. Kituo, sawa. Lakini petroli ilikuwepo California mwaka 1885. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Newhall, kaskazini ya Los Angeles, kilianza kazi 1876 kwa mafuta ghafi ya Pico Canyon. Walichokuwa wanakitafuta ni mafuta ya taa. Ukichemsha mafuta ghafi ili upate mafuta ya taa, sehemu nyepesi inatangulia kutoka, upende usipende, na sehemu hiyo ndiyo petroli. Ilikuwa bidhaa ya pembeni isiyo na heshima, lakini iliuzwa: kwa majiko, kwa mitambo ya kuangazia nyumba, na maduka ya dawa yaliuza benzini kwa vichupa ya kutolea madoa kwenye nguo. Upande wa pili wa bahari, Karl Benz alikuwa anajaribu gari lake mwaka huo huo wa 1885, na mwaka 1888 Bertha Benz alijaza mafuta kwenye duka la dawa mjini Wiesloch.

Hill Valley ina reli, ina telegrafu, na Doc ana siku tano. Kwa mahitaji ya BintiReli, ya lita 3 hadi 5, hahitaji kiwanda. Aende duka la dawa.

Kasoro yake ni oktani, yaani uwezo wa mafuta kubanwa bila kujiwasha. Petroli ya kuchemshwa mara moja tu ina oktani ndogo sana, na PRV ya soko la Marekani inabana kwa uwiano wa 8.8 kwa 1. Ukikanyaga mpaka chini itagonga kama nyundo, maana mchanganyiko unajiwasha kabla ya moto wa plagi kuufikia. Kugonga huko kukiendelea pistoni zinatoboka. Lakini hapa unakimbia chini ya dakika moja, tena gari lenyewe Doc anataka livunjwe likifika. Rudisha taimingi (wakati wa plagi kuwasha) nyuma kidogo na ukanyage.

Chujio88

Mkuu Nafta kanena. Mimi niongezee la wiski, maana watu wanalicheka bure.

Doc anatia pombe kali kuliko zote za baa, injini inalipuka, na manifoldi ya injekta inapasuka. Wengi wanaona ni kichekesho tu. Kwa K-Jetronic, mfumo wa injekta wa DeLorean, mlipuko ule una maelezo. Pale mafuta yanapimwa kimakanika. Hewa ikiingia inainua sahani, sahani inasukuma pistoni ndogo inayopima mafuta ya kwenda kwenye injekta. Kipimo kimewekwa kwa petroli: gramu 14.7 za hewa kwa gramu moja ya mafuta. Pombe safi inataka 9 kwa 1. Na wiski nusu yake ni maji. Piga hesabu, injini inapata chini ya theluthi ya mafuta inayohitaji. Mara nyingi haitawaka kabisa. Tangi na mabomba yakiwa bado na masalia ya petroli, silinda moja mbili zitashika, lakini mchanganyiko mwembamba huungua polepole mno. Vali ya kuingizia inafunguka moto haujaisha, unarudi nyuma kwenye manifoldi iliyojaa mvuke. Bum.

Kosa la Doc ni kuitumia kabla ya kuikausha maji. Mtambo ni ule ule wa gongo: pipa lililofungwa, bomba la shaba, maji ya kupoozea. Pombe safi huchemka kwenye nyuzi 78. Irudie mara tatu nne kwa moto mdogo, utakaribia asilimia 90. Zaidi ya 95 na kitu haipandi kwa kuchemsha, hata urudie mwaka mzima. Lita 10 za wiski kali zitakupa chini kidogo ya lita 5. Kisha kwenye kipima mafuta kuna skrubu ya kurekebisha mchanganyiko, inaingia ufunguo wa pembe sita wa milimita 3. Izungushe kwa mwelekeo wa saa, robo kwa robo, mpaka injini itulie. Pombe haigongi, kwa hiyo tatizo la oktani linakufa hapo hapo. Asubuhi yenye baridi haitawaka, ila mchana wa Septemba kule California hauna neno.

Siku mbili za kazi, na mhunzi ana kila kitu isipokuwa subira.

SaaYaMnara

Nashukuru sana, huu ndio uchambuzi. Nina moja la nyongeza: manifoldi ikishapasuka, Doc anasema kuijenga upya ni mwezi mzima. Hapo wangeweza kwenda mgodini kuchomoa ile nzima? Fundi umesema itakosekana 1955, lakini filamu hizi mabadiliko yake hayaji papo hapo.

Fundi_Kabureta

Hapo umegusa penyewe. Kanuni ya filamu hizi ni kwamba mabadiliko husafiri taratibu. Sehemu ya kwanza, ndugu zake Marty wanafutika kwenye picha mmoja mmoja. Sehemu ya pili, Biff mzee, adui wa familia ya Marty, anakwenda 1955, anampa Biff kijana almanaki ya michezo, na bado anarudi 2015 ile ile aliyoiacha. Wengine wanaliita pengo, lakini kuna tukio lililokatwa linaloonyesha Biff mzee akififia baada ya kurudi. Walilifikiria, wakalikata.

Kwa kanuni hiyo ungeweza kuchomoa manifoldi, kuifunga, na kuondoka kabla wimbi halijakufikia. Likikukuta njiani, unabaki na gari ambalo halikuwahi kutengenezwa 1955, na Marty ambaye hakuwahi kufika. Doc huyu huyu anayeogopa mtu akutane na nafsi yake asingekubali mchezo huo. Kwa manifoldi namtetea. Kwa petroli simtetei.

Mgodi_wa_Delgado

Na kwa nini wasilisukume tu mteremkoni? Treni ya nini?

BintiReli

Kwa sababu ya upepo na matope. Kwenye maili 88 upepo unalisukuma gari hilo nyuma kwa nguvu ya nyutoni 600 hivi. Barabara ya vumbi ya 1885 inakula nyingine 700 na ushee. Mteremko wa asilimia 10 unakupa 1,470 tu, kwa hiyo kasi inapanda kwa kujikokota na unahitaji zaidi ya kilomita tatu. Asilimia 20 unafika baada ya mita 600 na ushee, lakini nitafutie mita 600 za asilimia 20 zilizonyooka, bila jiwe wala shimo, na nafasi ya kusimama ukikosea.

Kwenye reli msuguano karibu unaisha, ila reli haijengwi kwa mteremko huo. Kwa asilimia 3, ambao kwa garimoshi ni mkali tayari, DeLorean ikiachiwa peke yake inakomea maili 70 na kitu, hapo upepo unaizuia. Zinabaki maili kama 15, na hizo lazima zitoke kwenye kitu chenye nguvu ya kusukuma. Treni ilikuwa chaguo sahihi kwa mtu aliyekwisha kulipua manifoldi. Lenye kutia shaka ni garimoshi la 1885 kufika 88. Madai maarufu ya kuvuka maili 100 kwa saa, ya New York Central Na. 999, ni ya 1893, na hata hayo yanabishaniwa mpaka leo.