Lineari ya CB kwa lori na kituo cha Masindi: mosifeti, transista kubwa, valvu, au niache?

dereva_Elegu
Habari zenu wakubwa. Nina redio ya CB (ya mawasiliano, masafa ya 27 MHz) ya AM na SSB (njia mbili za kubeba sauti) kwenye Fuso ya volti 24, njia ya Kampala–Karuma–Elegu, na nyingine kituoni Masindi inayokula betri ya sola. Nimeonyeshwa lineari (vikuza nguvu vya redio) tatu: kisanduku cha mosifeti kilichoandikwa wati 100, ya transista mbili za 2SC2879 iliyoandikwa wati 200, na ya valvu nne za EL519 inayotumia umeme wa nyumbani. Ipi iende wapi?

koaksi_mzee
Piga hesabu kabla ya kufungua pochi. AM ya wati 4 ikiingia kwenye lineari ya wati 100 inayofanya kazi kwa usafi, inatoka wati 25 za kubeba (wimbi tupu kabla ya sauti), si 100. Hiyo ni desibeli 8. Mita ya S ya mwenzako (inayoonyesha nguvu ya mawimbi anayopokea) hupanda alama moja kwa kila desibeli 6, basi umenunua alama moja na kitu. Na hujaongeza masikio hata kidogo: atakusikia, wewe humsikii.

Masindi anza na antena. Daipoli (antena ya mikono miwili) ya chaneli 19 (27.185 MHz) ni mita 5.26, kila mkono 2.63, ipandishe mita 5.5 au zaidi. Kebo ikiwa RG58 ya mita 20 inameza karibu theluthi ya wati zako njiani, RG213 inameza nusu ya hapo. Faida hiyo unaipata ukiongea na ukisikiliza.

NaluWati
Mzee kasema, ila lori halina nafasi ya daipoli. Kwa lori chukua mosifeti, ndugu. Lakini "wati 100" ni kilele. Wengi huiharibu wiki ya kwanza kwa kuilisha kupita kiasi: AM ya wati 4 hufika kilele cha wati 16 ukiongea kwa nguvu. Lineari inayozidisha mara 10 itataka kutoa wati 160 na haiwezi, inakata vichwa vya mawimbi, sauti inakwaruza na unatapakaa chaneli za jirani. Mita ikionyesha wati 70 za kubeba usifurahi, hapo tayari unaichoma.

Redio yenye kitufe cha kupunguza nguvu, ishushe hadi wati 2 au 2.5. Isiyo nacho, weka kipunguzi cha desibeli 3: rezista ya omu 18 katikati ya njia, na ya omu 300 kila upande kwenda gandi (ardhi ya umeme). Ziwe za wati 3, zisiwe za waya uliozungushwa, maana hizo ni koili kwenye 27 MHz. Ukikiweka ndani ya lineari baada ya rilei (swichi ya kuongea na kusikiliza), usikivu haupungui. Ukikiweka nje kwenye kebo utapoteza nusu ya alama ya S ukisikiliza, na kwa kelele za bendi hii hutaitambua.

fundi_24V
Usije ukachomoa volti 12 kwenye betri moja kati ya zile mbili za Fuso! Moja itakaa njaa, nyingine itachemka, na miezi michache unanunua zote. Tumia kigeuzi cha 24 kwenda 13.8.

Wati 100 kwa ufanisi wa nusu ni wati 200 za kuingia, yaani ampea 15 hivi. Kigeuzi kiwe cha ampea 30 ukijumlisha redio na nafasi ya kupumua. Ile ya 2SC2879 mbili inavuta karibu 30 peke yake, hapo unatafuta kigeuzi cha 40 na bei inakimbia. Waya kutoka kigeuzi mita 4: wa milimita mraba 2.5 unapoteza volti 0.8 ukibonyeza maiki, wa 6 unapoteza 0.35. Fyuzi ya ampea 20 kwenye waya chanya wa volti 13.8, karibu na kigeuzi, si karibu na lineari. Na upande wa 24 fyuzi nyingine karibu na betri. Waya ukichunika katikati ndio unaowaka. Waya na vishikio vya fyuzi vipo soko la Kisekka, Kampala, pima unene wa shaba yenyewe, plastiki inadanganya.

dereva_Elegu
Asante wakubwa. Na ile ya transista mbili kwa Masindi?

NaluWati
Nzuri kuliko zote tatu kwa SSB, kama ni ya daraja AB (inayovuta umeme kidogo hata bila sauti, ndiyo maana inakuza kwa usafi). Muulize muuzaji: ukibonyeza maiki kwenye SSB bila kusema, inavuta umeme? Ikivuta ampea sifuri ni daraja C, na SSB yake ni kelele ya bata. Angalia na transista: bandia ni nyingi, maandishi yakifutika kwa asetoni, iache. Keramiki iliyo ndani yake ina oksidi ya berili. Isivunjwe wala kupigwa tupa, vumbi lake ni sumu ya mapafu.

Siku unayosawazisha chaji ya betri ya sola, volti hupita 15. Zima lineari.

koaksi_mzee
Valvu iache. EL519 moja inakula volti 6.3 kwa ampea 2 kupasha moto tu, nne ni wati 50 kabla hujasema neno. Saa kumi za kusubiri ni zaidi ya Ah 40 za betri yako, bado hasara ya invata. Ndani kuna mamia ya volti zinazobaki kwenye kapasita hata ukichomoa plagi. Uzuri wake mmoja ni kuvumilia antena mbovu.

Transista hazivumilii. Mpangilio: lineari imezimwa, pima SWR (kipimo cha nguvu inayorudishwa na antena) kwa redio tupu, chaneli 1, 20 na 40. Zaidi ya 2 usiwashe, lenga 1.5 kushuka chini. SWR 3 inarudisha robo ya nguvu, na joto hilo linaishia kwenye transista. Ndipo uwashe, ubonyeze sekunde chache, uangalie mita tena.

anga_Entebbe
Hakuna aliyetaja kichujio? Lineari hizi za bei rahisi nyingi hazina. Bila hicho, mawimbi ya ziada hutoka kwenye mara za masafa yako: 27.185 mara nne ni 108.74 MHz, mle mle ndege zinamopokea mwongozo wa kutua. Mara tano ni 135.9, sauti ya marubani. Weka kichujio cha kupitisha chini ya 30 MHz kati ya lineari na antena, kinachobeba wati zako zote. Na karatasi ya UCC (tume ya mawasiliano ya Uganda) kwanza: kibali kikisema wati 4, lineari inabaki kabatini. Anayetaka wati nyingi kihalali aombe leseni ya redio za ridhaa, afanye kazi 28 MHz, lineari ileile itafika.

dereva_Elegu
Maiki inapiga mluzi nikijaribu kile kisanduku cha rafiki. Ndiyo kimekufa?

fundi_24V
Hapana ssebo, mawimbi yanarudi kwenye maiki kupitia ganda la kebo. Kwangua rangi chini ya mguu wa antena mpaka chuma king'ae, funga mkanda mpana wa shaba kwenda bodi, kisha zungusha koaksi (kebo ya antena) mara 6 kwenye pete ya ferati karibu na antena. Ukikosa ferati, jaribu kwanza kukwangua rangi.