Siku ya uwanjani na mvua hii: ninunue matairi, niazime ya mvua, au niahirishe?

Bonde_la_Menengai (Nakuru), Jumatatu saa 1:40 usiku

Hamjambo wenzangu. Nimelipia nafasi ya kuendesha pikipiki katika uwanja wa lami ulioko Athi River Jumamosi ijayo, na tangu nilipe, hapa Nakuru hakujapita alasiri bila mvua. Waandaaji wamesema kwamba mvua haitasimamisha shughuli isipokuwa maji yatuame, na kwamba atakayeahirisha kabla ya Alhamisi saa sita mchana atahamishiwa siku nyingine bila kulipa tena. Ninaona njia tatu. Ya kwanza ni kununua jozi mpya ya matairi ya barabara yanayosifiwa kwa mvua, ambayo nitaendelea kuyatumia baadaye. Ya pili ni kuazima matairi ya mashindano ya mvua kutoka kwa rafiki aliye Nairobi. Ya tatu ni kuahirisha. Nimetenga shilingi 40,000 na sitaki kuzidisha. Mnanishauri vipi?

Fundi_wa_Kondele (Kisumu), Jumatatu saa 2:05 usiku

Ndugu, umetueleza habari za waandaaji, za mvua na za mfuko wako, lakini pikipiki yenyewe hukuitaja. Ni ya aina gani? Matairi yake ni ya ukubwa gani, na yaliyopo sasa yalitengenezwa mwaka gani? Ina ABS, ule mfumo unaozuia gurudumu kukwama unapofunga breki? Na hayo ya rafiki yako yanatoka kwenye pikipiki gani? Mtu hashonewi suruali kabla ya kupimwa kiuno.

Dada_wa_Lurambi (Kakamega), Jumatatu saa 2:31 usiku

Mimi sihitaji hata kujua pikipiki. Hapa Kakamega mvua hushuka karibu kila alasiri msimu ukianza, nami huenda kazini na kurudi kwa magurudumu mawili, kwa hiyo nimepata nafasi ya kulinganisha. Nilitumia matairi ya Metzeler Roadtec 01 na baadaye Michelin Road 5, na yote mawili yalinirudisha nyumbani, ila Road 5 hupata joto upesi na huniambia mapema inapokaribia kuteleza. Tairi la uwanjani la kiangazi lina mifereji michache na linahitaji joto kali ndipo lishike, na joto hilo hulipati lami ikiwa inatiririka maji. Chukua matairi ya barabara na umalize mjadala.

Mzee_wa_Sosiani (Eldoret), Jumatatu saa 3:10 usiku

Dada, kazini si uwanjani. Kama mvua itanyesha kweli, hakuna kitu kinachoshinda tairi la mashindano ya mvua. Mpira wake ni laini kiasi kwamba ukiuminya unahisi kama sandali mpya, na mifereji yake ni ya kina. Nimewahi kuyatumia kwa pikipiki ya jirani yangu na niliinama kwenye kona kuliko ninavyothubutu barabarani kukiwa kukavu. Kijana, azima hayo ya rafiki yako. Ni bure.

Fundi_wa_Kondele, Jumatatu saa 3:22 usiku

Mzee wangu, kwa heshima, umesahau kumwambia upande wa pili. Tairi hilo likikutana na lami inayokauka, mpira wake hupata joto kupita kiasi na kuanza kumeguka. Athi River ni nchi ya tambarare na upepo; wingu linaweza kupita kwa dakika 15, kisha jua likawaka hadi jioni. Wakati huo atafanya nini? Ataketi kwenye hema kuwatazama wenzake? Na bado hatujaambiwa pikipiki ni ipi.

Bonde_la_Menengai, Jumanne saa 12:50 asubuhi

Samahani, nililala mapema. Ni KTM Duke 390, ile ya injini ya cc 373, na ina ABS. Mbele ni 110/70 inchi 17, nyuma 150/60 inchi 17. Ya rafiki yangu yametoka kwenye pikipiki ya cc 600, na anasema ni 120/70 na 180/55, zote inchi 17. Kwa kuwa inchi ni zilezile, nadhani yataingia?

Fundi_wa_Kondele, Jumanne saa 1:15 asubuhi

Hayataingia, na mtu akikwambia yataingia usimpe spana. Rimu yako ya nyuma ina upana wa inchi 4. Tairi la upana wa milimita 180 linataka rimu pana zaidi. Ukilibana kwenye yako, umbo lake litabadilika, kilele kitachongoka, na hutajua linagusa lami kwa sehemu gani unapoinama. Zaidi ya hayo litakwaruza mkono wa nyuma au mnyororo. Njia yako ya pili imekufa. Zimebaki mbili.

Mzee_wa_Sosiani, Jumanne saa 1:48 asubuhi

Basi na atafute ya mvua ya ukubwa wake. Nimesema tu kwamba ndiyo bora, sikusema kwamba ni rahisi kupatikana.

Msafiri_wa_Chai (Kericho), Jumanne saa 4:20 asubuhi

Naomba nieleze yaliyonipata, kwa sababu kila ninapoona neno tairi karibu na neno bei, bega langu la kushoto hunikumbusha.

Mwaka juzi, mwezi wa Novemba, nilinunua jozi ya matairi katika duka moja ambalo sitalitaja, katika mji ambao pia nitaunyamazia. Muuzaji alisema yametoka kwenye kontena wiki ileile. Yalikuwa yanang'aa kama viatu vya mwanafunzi wa kidato cha kwanza siku ya kuripoti, nami nikalipa bila kuyageuza. Nilikwenda nayo katika uwanja huohuo unaokwenda wewe. Zamu mbili za kwanza lami ilikuwa kavu na nikajiona bingwa. Zamu ya tatu yakaanza manyunyu, yale ambayo hayawezi hata kulowesha shati, na nikaendelea kupita njia ileile niliyoizoea. Mwishoni mwa sehemu iliyonyooka kuna kona, na pale ndipo nilipogusa breki ya mbele kwa vidole viwili, kwa upole kabisa, nawaapia. Usukani ukawa mwepesi mikononi, kama unapoinua jerikeni ukidhani limejaa kumbe halina kitu. Kufumba na kufumbua nilikuwa ninateleza kwa nyonga, na pikipiki ikinitangulia ikizunguka kwa ubavu. Ninachokumbuka zaidi ni ukimya ndani ya helmeti, na maji baridi yakiingia kwenye mkono wa suti ya ngozi.

Nilisimama mwenyewe. Mkufunzi alipofika aliniuliza kama ninaona sawa, akaniangalia macho, kisha akachuchumaa si kwangu bali kwenye tairi la mbele. Alifuta ule mng'aro kwa kidole gumba, kidole kikatoka cheusi, na chini yake akanionyesha tarakimu nne ndani ya duara lililobanwa: 1416. Maana yake ni wiki ya 14 ya mwaka wa 2016. Kisha akadidimiza ukucha kwenye mpira wangu, na haukuacha alama. Akaenda kwenye pikipiki yake akafanya vilevile, na alama ya ukucha ikabaki pale kama kwenye sabuni. Mimi nilipata ufa kwenye mfupa wa bega, nikavunja mkono wa klachi na kikanyagio kimoja. Niliporudi dukani nilionyeshwa maandishi kwenye risiti kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi.

Kwa hiyo, ndugu wa Nakuru, kabla hujataja jina la tairi lolote, taja tarakimu nne. Za hayo uliyonayo na za hayo utakayouziwa.

Dada_wa_Lurambi, Jumanne saa 4:55 asubuhi

Pole sana, kaka. Lakini niulize: ulikuwa umepunguza upepo wa matairi?

Msafiri_wa_Chai, Jumanne saa 5:02 asubuhi

Nilipunguza, dada. Jamaa wote pale walipunguza asubuhi, nami nikafuata.

Dada_wa_Lurambi, Jumanne saa 5:30 asubuhi

Ndiyo sababu nikauliza. Kwenye lami kavu watu hupunguza upepo kwa sababu tairi hupata joto na upepo hupanda wenyewe. Mvua ikinyesha joto hilo halipo, kwa hiyo tairi hubaki legevu, mifereji hujifunga linapokandamizwa, na maji hayapati pa kupitia. Kwa tairi la barabara mimi huacha kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki, au hupunguza kidogo mno.

Mzee_wa_Sosiani, Jumanne saa 6:12 mchana

Hapo sikubaliani. Sisi tulikuwa tukipunguza kukinyesha ili tairi litandae zaidi juu ya lami. Na kosa la Msafiri halikuwa upepo wala umri wa tairi peke yake, lilikuwa njia. Njia ambayo kila mtu hupita kukiwa kukavu hujaa mpira uliosuguliwa na magari na pikipiki, na mpira huo ukilowa ni kama umemwagiwa mafuta. Manyunyu ya kwanza ni mabaya kuliko mvua kubwa, kwa sababu yanainua uchafu bila kuuosha. Mtu anatakiwa apite kando ya njia hiyo, hata kama kona itakuwa na umbo baya, na aukwepe ukingo uliopakwa rangi kama anavyokwepa mbwa mkali.

Fundi_wa_Kondele, Jumanne saa 6:40 mchana

Kuhusu njia, Mzee amesema kweli tupu. Kuhusu upepo ninasimama na Dada. Kutandaa kunasaidia kwenye changarawe na matope. Juu ya lami yenye maji unachotaka ni tairi libane chini na kuyasukuma maji pembeni. Ningeongeza kulegeza springi ya nyuma kidogo, na kutumia gia moja juu ya uliyoizoea ili eksileta isiwe kali. Duke yako ya cc 373 haina kidhibiti cha mtelezo wala hali ya mvua kama ile mpya ya cc 399, kwa hiyo kidhibiti ni mkono wako wa kulia. Na usiiweke ABS kwenye ile hali inayoizima kwa gurudumu la nyuma, hata kama vijana watakwambia ndiyo ya uwanjani.

Dada_wa_Lurambi, Jumanne saa 7:15 mchana

Bado njia ya tatu haijazungumzwa. Mnakumbuka Silverstone, Uingereza, mwaka wa 2018? Uwanja ulikuwa umewekwa lami mpya, maji yakakataa kuondoka, na Jumamosi mwendeshaji Tito Rabat akateleza kwenye maji hayo. Alipokuwa pembeni mwa uwanja akagongwa na pikipiki ya Franco Morbidelli, ambaye naye aliteleza palepale, na Rabat akavunjika mguu vibaya. Jumapili mbio za MotoGP, zile za ubingwa wa dunia wa pikipiki, zikafutwa kabisa. Wale ni watu wenye matairi bora kuliko yote duniani, na hawakushindana. Kuahirisha si woga.

Mzee_wa_Sosiani, Jumanne saa 7:33 mchana

Lakini mwaka wa 2016 kule Assen, Uholanzi, Jack Miller alishinda mbio za MotoGP kwenye mvua kama hiyo. Tukiahirisha kila wingu likionekana, vijana wa huku Bonde la Ufa watajifunza lini? Ukiweza kuendesha kwenye maji, kukavu kunakuwa mchezo.

Msafiri_wa_Chai, Jumanne saa 8:05 mchana

Mzee, Assen mbio zilisimamishwa katikati na kuanzishwa upya kwa sababu ya mvua. Usimsimulie kijana nusu ya hadithi.

Bonde_la_Menengai, Jumanne saa 2:20 usiku

Asanteni nyote. Ninaelekea kununua. Swali moja: nikifungiwa matairi Alhamisi hapa Nakuru, kisha Ijumaa niiendeshe pikipiki mwenyewe hadi Athi River, je, yatakuwa yamesuguka vya kutosha? Ni karibu kilomita 190.

Fundi_wa_Kondele, Jumanne saa 2:44 usiku

Katikati yatasuguka. Pembeni, mahali utakapopahitaji, yatakuwa bado na utelezi wa kiwandani, kwa sababu kutoka Nakuru hadi Naivasha huinami popote. Afadhali upite kona za Subukia Alhamisi jioni, polepole, ukiongeza kuinama kidogo kidogo, kama lami itakuwa kavu.

Dada_wa_Lurambi, Jumanne saa 3:01 usiku

Na kama haitakuwa kavu? Hutaki kujifunzia kona za Subukia kwa matairi mapya, giza likiingia na matatu zikishuka. Mimi ningeipakia kwenye pikapu. Ukungu wa Kinungi na malori ya Kimende yatakuchosha kabla hujafika, na ukianguka uwanjani utarudi na nini?

Mzee_wa_Sosiani, Jumanne saa 3:09 usiku

Pikipiki inapandishwa pikapu ikiwa imekufa.

Msafiri_wa_Chai, Jumanne saa 3:15 usiku

Yangu ilirudi hivyo, Mzee. Ndugu wa Nakuru, tarakimu nne. Bado hujazitaja.

Bonde_la_Menengai, Jumanne saa 4:02 usiku

Nimetoka nje na tochi ya simu, nikalala chini kwenye kibaraza kwa sababu tarakimu za mbele zilikuwa zimegeukia ndani. Tairi la nyuma linasoma 3023, na ukucha unaacha alama. La mbele linasoma 2218. Nilibonyeza mara tatu na hakukuwa na kitu. Niliinunua pikipiki hii mkononi, na aliyeniuzia aliniambia matairi yote mawili ni mapya. Nimekuwa nikipita nayo Mau Summit kwenye mvua mwaka mzima. Je, nibadilishe la mbele peke yake, nibaki na la nyuma, halafu pesa zinazobaki zilipe pikapu?

Fundi_wa_Kondele, Jumanne saa 4:10 usiku

La mbele unabadilisha hata kama huendi popote, na kabla ya kwenda kazini kesho. Kuchanganya mpya mbele na la zamani kidogo nyuma kunawezekana, ila jina lake ni lipi hilo la nyuma?

Mzee_wa_Sosiani, Jumanne saa 4:18 usiku

Usichanganye.

Dada_wa_Lurambi, Jumanne saa 4:21 usiku

Achanganye kwa sasa. La nyuma likiteleza linakupa nafasi ya kulirudisha. La mbele halikupi.

Rimu_ya_Nane (Bungoma), Jumatano saa 1:05 asubuhi

Nimesoma yote. Ukiamua kubadilisha jozi nzima, hilo la nyuma la 3023 unaliuza kwa shilingi ngapi? Nina Duke kama yako na langu limebaki kipara.