Nyimbo 38,000 ziko sebuleni, mimi niko uani: nitumie pleya gani ya Linux?

Mzee_wa_Deki

Vijana, habari za huko. Mimi niko Mtwara, Chikongola. Miaka ya tisini nilikuwa na kibanda cha kurekodi kanda: unaniletea kanda tupu na orodha yako asubuhi, jioni unachukua. Kibanda kilikufa, kanda zikabaki. Tangu hapo nazihamishia kwenye kompyuta taratibu, spiriti na pamba mkononi kwa ajili ya hedi ya deki, maana chumvi ya bahari huku haielewani na chuma. Nyingine watu wameniletea kwenye flashi. Leo nina mafaili 38,000 na ushee, gigabaiti kama 610, nusu FLAC (mafaili makubwa, sauti kamili) nusu MP3.

Yote yamo kwenye kompyuta kuukuu ya mezani sebuleni, imeunganishwa na amplifaya. Mimi nasikilizia chumba cha uani kwa laptopu yenye Linux Mint, kwa waifai. Mwanangu ndiye aliyeniwekea Samba (ya kushirikisha folda kwa mtandao), akarudi zake Dar.

Pleya niliyonayo nikiifungua inaanza kuhesabu nyimbo upya. Nabandika chai, inachemka, nakunywa, bado inahesabu. Juzi umeme ukakatika, ya sebuleni ikazima, laptopu ikabaki na betri yake. Pleya ikakuta folda tupu, ikafuta kila kitu, pamoja na orodha ya nyimbo za harusi niliyoipanga miezi miwili.

Lakini linaloniuma zaidi ni hili: kila pleya inataka albamu. Nyimbo zetu hizi zilirekodiwa Radio Tanzania mojamoja, au zilitoka kwenye santuri ndogo, wimbo huku, wimbo kule. Albamu itoke wapi? Sasa nina "albamu isiyojulikana" moja yenye nyimbo 21,000! Folda zangu nimezipanga kwa bendi, kisha kanda, kisha upande A na B, kama zilivyokaa kabatini. Nataka pleya inayofuata kabati langu. Ipo?

binti_Naliendele

Shikamoo mzee. Ipo, ila kwanza tuelewane kwa nini inachelewa. Kupiga wimbo si mzigo: FLAC inahitaji kama megabiti 1 kwa sekunde, waifai yoyote inaweza. Mzigo ni kufungua mafaili 38,000 mojamoja ili kusoma jina la wimbo na msanii ndani yake, na kila faili ni safari ya kwenda sebuleni na kurudi. Tuseme kila safari ni sekunde 0.05 tu, hapo tayari umemaliza nusu saa. Ndiyo chai yako hiyo.

Kwa hiyo anayehesabu akae zilipo nyimbo. Weka MPD, pleya isiyo na dirisha inayoongozwa kwa rimoti, kwenye ile ya sebuleni (sudo apt install mpd). Inasoma diski yake yenyewe, inatunza orodha, na ukiiambia ihesabu tena inaangalia yaliyobadilika tu. Ina mpangilio wa folda vilevile ulivyozipanga, haikuulizi albamu. Wewe unashika rimoti tu: simu yenye M.A.L.P., au ncmpcpp kwenye laptopu. Usisahau kubadilisha bind_to_address (anwani inayosikiliza) kwenye faili lake la mipangilio, mpd.conf, la sivyo inajisikiliza yenyewe tu na simu haitaiona. Mlango wake wa mtandao (port) ni 6600.

Masasi_mjini

Mnamsumbua mzee na mpd.conf. Weka Navidrome, seva ya muziki, fungua kwenye brauza, mlango 4533, umemaliza. Hata simu barabarani inapiga.

binti_Naliendele

Kaka, umesoma swali? Navidrome inapanga kwa tagi (yale majina yaliyo ndani ya faili), si kwa folda. Mzee atakutana na albamu yake ya nyimbo 21,000 palepale, ila sasa ndani ya brauza.

Mzee_wa_Deki

Marahaba binti yangu. Nimeweka MPD leo mchana, folda zimekuja kama zilivyo, hadi nimecheka peke yangu. Ila sauti inatokea sebuleni. Mama anaangalia tamthilia yake, mimi niko uani nabonyeza simu, amplifaya inamlipukia. Nimeambiwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa.

binti_Naliendele

Pole mzee 😂 kosa langu, sikukuuliza spika ziko wapi. MPD inatoa sauti pale ilipo. Unaweza kuongeza tokeo la httpd (sauti kupitia mtandao) ili laptopu ipokee, lakini kila ukibonyeza unasubiri sekunde kadhaa. Mimi isingenifaa.

Kusi_Lindi

Shikamoo mzee, niko Mtanda, Lindi. Kwa uani jaribu pleya ya Quod Libet. Ina mwonekano wa folda, na kwenye mapendeleo unazima kuskani (kule kuhesabu upya) kila inapofunguka, kwa hiyo inasoma orodha iliyohifadhiwa kwenye laptopu. Ukiongeza nyimbo, mwambie mwenyewe askani, maana taarifa ya faili jipya haivuki mtandao.

Samba ibadilishe iwe NFS (njia ya Linux ya kushirikisha folda), kompyuta zote mbili si ni Linux? Kwenye fstab (faili linaloorodhesha folda za kuunganisha) weka nofail,x-systemd.automount ili laptopu isigande ikiwaka kabla ya ile ya sebuleni.

Na kuna utamu ambao wewe utaujua kuliko sisi. Bendi ileile ilianza NUTA Jazz mwaka 1964, ikawa JUWATA, ikawa OTTU, leo ni Msondo Ngoma, majina matatu ya kwanza yakifuata chama cha wafanyakazi. Pleya nyingi zitakuonyesha bendi nne. Quod Libet inakuruhusu kuandika kwenye kisanduku cha kutafutia artist = /nuta|juwata|ottu|msondo/ na wote wanakuja pamoja, bila kugusa tagi hata moja.

Masasi_mjini

Hiyo ya Msondo sikuijua. Navidrome yangu inaonyesha bendi nne kweli.

Mzee_wa_Deki

Kusi, umenigusa pabaya! Nilikuwa na mteja hapa aliyekataa kabisa kuniletea kanda ya OTTU, anasema yeye ni mtu wa NUTA. Namwambia ni walewale, hataki.

Taarifa: Quod Libet iko uani, inafunguka kabla sijakaa vizuri. MPD nimeiacha sebuleni kwa siku za wageni, kwa ruhusa maalumu. Waifai nimeachana nayo, nimevuta waya kupitia dirisha la stoo ya korosho. NFS ilinigomea jana yote, kumbe niliandika njia ya folda na nafasi katikati. Orodha ya harusi naipanga upya, safari hii naihifadhi kama m3u (faili la orodha, nje ya pleya), na nakala kwenye flashi. Nimefika wimbo wa 40. Kusi, hiyo alama ya mstari wima kwenye kibodi ya laptopu yangu imefutika, nimeipata kwa kubahatisha. Upande wa Morogoro Jazz na Super Volcano, zote za Mbaraka Mwinshehe, nifanye vivyo hivyo, au kuna njia ya kuhifadhi utafutaji nisiuandike kila siku?

Kusi_Lindi

Ipo. Bonyeza mshale ulio pembeni mwa kisanduku cha kutafutia, uhariri zilizohifadhiwa, uzipe majina.