UZI WA MALALAMIKO: Mawaziri acheni danadana bungeni. Mtu akivushwa mpaka kuna karatasi, zitajeni!

Wakuu,

Mtu akitekwa upande mmoja wa mpaka na kuibukia upande wa pili, mambo huenda kwa mpangilio uleule kila mara. Kwanza polisi hawana habari. Kisha msemaji wa nchi ya pili anateleza na kusema walifanya kazi pamoja na wenzao. Baadaye mbunge anauliza, waziri anasimama, anataja ujirani mwema, anataja Jumuiya ya Afrika Mashariki, anasema uchunguzi unaendelea, anaketi. Meza zinagongwa. Imeisha hiyo.

Kinachonikera kuliko hata waziri ni wabunge wanaouliza swali bovu. Ukimuuliza waziri "serikali ina mpango gani kuhusu utekaji?" umempa dakika kumi za porojo. Muulize namba ya waranti (hati ya kumkamata mtu) uone jasho.

Tuchukue mfano ambao kila mtu anaujua. Mwanasiasa wa upinzani wa Uganda Kizza Besigye na mwenzake Obeid Lutale walichukuliwa Nairobi tarehe 16 Novemba 2024. Tarehe 20 wako kizimbani katika mahakama ya kijeshi, Makindye, Kampala. Waziri wa Habari wa Uganda, Chris Baryomunsi, akasema Kenya ilikuwa na taarifa. Katibu wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Kenya, Korir Sing'oei, akasema Kenya haikuhusika. Hapo lazima mmoja wao hasemi kweli. Na msisahau kwamba wakati ule Musalia Mudavadi alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje na papo hapo kaimu Waziri wa Usalama wa Ndani. Yaani polisi, uhamiaji na balozi zote zilikuwa chini ya mtu mmoja! Kisingizio cha "hiyo ni wizara nyingine" hakikuwepo kabisa. Mei 2025 ndipo akajitokeza kulitetea jambo lenyewe kwa hoja ya urafiki na Uganda. Urafiki si kifungu cha sheria.

Kifungu kipo, na si kigumu. Kenya ina Sheria ya Kurejesha Watuhumiwa kwa Nchi Jirani na za Kigeni, Sura ya 76. Sehemu yake ya tatu iliandikwa mahususi kwa majirani, na ni njia ya mkato halali. Mahakama ya nchi jirani inatoa waranti. Waranti inaletwa kwa hakimu wa Kenya. Hakimu akiridhika kwamba aliyeitoa ana mamlaka hayo, anaiidhinisha kwa saini yake, na kuanzia hapo polisi wa Kenya (narudia, wa KENYA) wana ruhusa ya kumkamata huyo mtu. Wakishamkamata hawamkabidhi kwa mtu yeyote. Wanampeleka mbele ya hakimu, anasomewa, anapata wakili, anaweza kupinga kwamba kosa ni la kisiasa. Hakimu akiamua arudishwe, anatoa amri, ndipo safari ya mpakani inaanza. Kwa mambo ya dharura kuna hata waranti ya muda. Kwa hiyo hoja ya kwamba sheria inachelewesha haina miguu, wameachiwa mlango wazi wakachagua kupita dirishani.

Hesabu sasa karatasi zinazopaswa kuwepo mtu mmoja akivushwa kihalali: waranti ya kule, idhini ya hakimu wa huku, namba ya OB (daftari la matukio la polisi) ya kituo alikoshikiliwa, jalada la kesi lenye amri ya kumrudisha, hati ya makabidhiano yenye saini za maofisa wa pande mbili, na rekodi ya uhamiaji ya kutoka na kuingia. Ikiwa waziri anasema hakurudishwa kwa mashtaka bali alifukuzwa nchini, ni sawa, lakini hiyo nayo inataka agizo la maandishi la waziri mwenyewe chini ya sheria ya uraia na uhamiaji ya 2011, na linamhusu mtu ambaye kuwepo kwake nchini si halali. Raia wa Jumuiya aliyeingia kihalali kuhudhuria shughuli Nairobi humfukuzi kwa kumfunga kitambaa usoni.

Na hapo mpakani penyewe ndipo uongo unapoonekana vizuri. Malaba na Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, ni vituo vya huduma kwa pamoja, OSBP. Anayetoka Kenya hashughulikiwi upande wa Kenya, anaenda moja kwa moja hadi jengo la upande wa Uganda. Humo ndani ofisa uhamiaji wa Kenya anamgongea kutoka, anasogea dirisha la pili, ofisa wa Uganda anamgongea kuingia. Maofisa wa nchi mbili wako chini ya paa moja, wanaazimana kalamu. Hata anayesafiri kwa kitambulisho cha taifa anaingizwa kwenye mfumo. Kwa hiyo majibu yanayowezekana ni mawili tu: ama alipita hapo na rekodi ipo, ama alipitishwa njia ya panya, na kumpitisha mtu njia ya panya ni kosa la jinai hata kama dereva ana bunduki ya serikali. Na kutoka Nairobi hadi Malaba ni zaidi ya kilomita 400 za barabara yenye vizuizi vya polisi kila mahali. Mtu hapandi gari Nairobi akashuka Kampala kwa bahati mbaya.

Tuje kwenye yale majibu yao ya kawaida.

"Hilo ni suala la kiutendaji la polisi." Wanalipenda hili kwa sababu lina chembe ya ukweli. Ibara ya 245 ya Katiba ya Kenya inamkataza waziri kumwelekeza Inspekta Jenerali wa polisi amchunguze nani au amkamate nani. Anaweza kutoa maelekezo ya sera tu, tena kwa maandishi. Lakini kukatazwa kuelekeza si kukatazwa kujibu. Ibara ya 153 inamtaka waziri afike akiitwa na kamati na ajibu jambo lililo chini ya wizara yake. Ibara ya 125 inazipa Bunge na kamati zake uwezo wa kuita mashahidi na kudai nyaraka kama Mahakama Kuu. Basi mbunge aulize: je, kulikuwa na maelekezo ya maandishi ya sera kuhusu kukabidhi watu kwa nchi jirani? Kama yapo, yawekwe mezani. Kama hayapo, ofisa aliyekabidhi mtu alitumia mamlaka gani?

"Suala liko mahakamani." Kanuni za Bunge la Taifa zinamtaka anayedai hivyo alete uthibitisho, na Spika bado anaweza kuruhusu mjadala. Halafu angalieni ujanja: kesi iliyoko mahakamani ni ya mshtakiwa huko Uganda. Swali ni nani wa Kenya alifungua geti. Hayo ni mambo mawili.

"Ni siri za kiusalama." Mbinu za kumfuatilia mtu zinaweza kuwa siri. Namba ya OB haiwezi.

Kuna tatizo jingine ambalo wenzetu wa Tanzania na Uganda huenda hawalioni haraka. Tanzania mna Waziri wa Katiba na Sheria, Uganda wana Waziri wa Sheria. Kenya wizara hiyo haipo tena. Swali la kurejesha mtuhumiwa linabiringishwa: Usalama wa Ndani wanasema waulizeni Mambo ya Nje, Mambo ya Nje wanasema Mwanasheria Mkuu, yeye anasema DPP (Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma). Mahakama ya Juu ilishasema mwaka 2021, katika kesi ya Okemo na Gichuru waliokuwa wakitakiwa Jersey (kisiwa kilicho chini ya Uingereza), kwamba wa kuendesha mashauri haya mahakamani ni DPP. Basi kuna swali la mstari mmoja ambalo halina mahali pa kukimbilia: je, ofisi ya DPP ilifungua shauri lolote kuhusu mtu huyu, ndiyo au hapana? Kama hapana, hakukuwa na urejeshaji, kulikuwa na utekaji. Tutumie neno lake.

Msidhani ni Besigye tu. Nnamdi Kanu, anayepigania Biafra ijitenge na Nigeria, alichukuliwa Nairobi Juni 2021 akapelekwa Nigeria. Ilichukua hadi Juni 2025 kwa Jaji Mwita wa Mahakama Kuu kusema wazi kwamba katiba ilivunjwa, na kuamuru fidia ya shilingi milioni 10. Italipwa na nani? Si na aliyeendesha gari. Wakimbizi 4 wa Uturuki walitolewa Nairobi Oktoba 2024. Mei 2025 ikawa zamu ya Dar es Salaam: wanaharakati Boniface Mwangi wa Kenya na Agather Atuhaire wa Uganda walikamatwa walipokwenda kufuatilia kesi ya kiongozi wa upinzani Tundu Lissu, Mwangi akaokotwa Ukunda, pwani ya Kenya, Atuhaire akatupwa Mutukula, mpakani mwa Tanzania na Uganda, usiku. Oktoba 2025 wanaharakati wa Kenya Bob Njagi na Nicholas Oyoo wakachukuliwa Kampala. Polisi na jeshi wakasema hawako nao, ombi la habeas corpus (la kutaka aliyeshikiliwa aletwe mahakamani) likagonga mwamba kwa sababu hakuna aliyekiri kuwashika, na wiki tano baadaye wakaachiliwa, Rais Museveni mwenyewe akakiri kwamba walikuwa mikononi mwa serikali. Mahakama iliambiwa hawapo! Nani ameulizwa bungeni kuhusu kauli ile?

NYONGEZA 1, kwa waliouliza kuhusu Interpol: notisi nyekundu si waranti. Ni ombi linalosambazwa kwa nchi wanachama, na kila nchi inafuata sheria yake. Kenya ikiipata bado hakimu anahitajika. Tena katiba ya Interpol, kifungu cha 3, inaikataza kabisa kugusa mambo ya kisiasa, kijeshi, kidini au ya rangi. Waziri akitaja Interpol, aulizwe notisi ilitolewa lini na hakimu gani aliifanyia kazi.

NYONGEZA 2, kwa aliyeandika kwamba magaidi hawastahili karatasi: ulipuaji wa Kampala wa Julai 2010 uliua watu zaidi ya 70, na Wakenya walivushwa kwenda Uganda bila utaratibu. Kilichofuata ni miaka ya mabishano mahakamani kuhusu namna walivyofikishwa, na hukumu ya kesi yenyewe ikaja 2016. Sasa njia fupi iliharakisha nini? Afrika Kusini mwaka 1991, katika shauri la Ebrahim aliyetekwa Swaziland, mahakama ya rufaa ilisema haina mamlaka ya kumhukumu mtu aliyeletwa kwa kutekwa. Nigeria nayo Mahakama ya Rufaa ilimfutia Kanu mashtaka Oktoba 2022 kwa sababu hiyohiyo, ikabidi Mahakama ya Juu iyarudishe Desemba 2023. Polisi wanaoruka hatua ndio wanaompa mshtakiwa silaha.

NYONGEZA 3, kwa wanaosema tukashtaki Arusha, kwenye Mahakama ya Afrika Mashariki: sawa, na huhitaji kwanza kumaliza mahakama za nchini. Ila kifungu cha 30(2) cha Mkataba wa Jumuiya kinakupa miezi MIWILI tu tangu tukio au tangu ulipolijua. Hao Wakenya wa 2010 walikwenda Mahakama ya Afrika Mashariki wakashinda hatua ya kwanza kwenye hoja ya muda, serikali zikakata rufaa, na 2013 Kitengo cha Rufani kikalitupa shauri lao kwa kuchelewa. Hoja ya "bado anateseka hadi leo" haikuwasaidia. Kwa hiyo waziri akiwaambia ndugu wasubiri uchunguzi ukamilike, anawamalizia siku zao.

NYONGEZA 4, kwa ndugu aliyeuliza familia ifanye nini wiki ya kwanza: msingoje mbunge. Sheria ya Kupata Taarifa ya Kenya ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kujibu, lakini taarifa ikihusu uhai au uhuru wa mtu ni saa 48. Andikeni barua mbili, moja kwa polisi na moja kwa uhamiaji, na sentensi ya kwanza iseme wazi kwamba ombi linahusu uhuru wa mtu, la sivyo mtahesabiwa zile siku 21. Haki hiyo ni ya raia wa Kenya, hivyo familia ya Mganda au Mtanzania itafute Mkenya aweke saini. Ombeni vitu vya kuonekana: ukurasa wa OB, rekodi ya kutoka mpakani kwa tarehe fulani, waranti iliyoidhinishwa. Pelekeni nakala mbili, moja igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe NA saa, mrudi nayo. Siku hiyohiyo wakili afungue habeas corpus. Saa 48 zikipita kimya, nenda kwa Ombudsman (ofisi ya malalamiko dhidi ya watumishi wa umma) na ile nakala, na nyingine mpe mbunge aiweke mezani siku waziri anapojibu.