Tupeane uzoefu: stringi fupi iliyowahi kukumalizia kumbukumbu ya seva

Wakuu, habari za kazi. Wengi tulifundishwa kwamba ukiandika programu kwa lugha ya Java au Go, suala la kumbukumbu mwachie mkusanya taka (garbage collector), anayeondoa vitu visivyotumika tena. Kwenye stringi, yaani mifuatano ya herufi, mimi nililipia imani hiyo, na ningependa kusikia yaliyowakuta wenzangu.

Mwaka 2011 nilikuwa na programu ya Java iliyosoma mistari mirefu ya miamala. Katika kila mstari nilihitaji namba ya muamala tu, herufi 10, ambazo nilizikata kwa substring (amri ya kukata kipande cha stringi) na kuziweka kwenye HashMap, jedwali linalokaa kwenye kumbukumbu. Seva ikawa inaanguka kila baada ya saa chache kwa kuishiwa kumbukumbu. Nilipoikagua kumbukumbu yenyewe, nilikuta kila namba ya herufi 10 imeshikilia mstari wake mzima, kwa sababu substring ya wakati ule haikunakili herufi hata moja, bali iliweka alama ya mwanzo na urefu juu ya safu ileile ya herufi. Mkusanya taka alikuwa sahihi kabisa, maana kinachoshikiliwa si taka. Niliandika new String(mstari.substring(0, 10)), inayonakili herufi hizo 10 tu, na seva ikatulia.

Jibu la 1
Pole sana, mkuu. Mimi yalinikuta ya upande wa pili. Kuanzia Java 7 sasisho la 6 (7u6), mwaka 2012, substring inanakili. Nilikuwa na kichanganuzi (programu ya kusoma matini kipande kwa kipande) kilichokata herufi moja ya mbele kwa substring(1) hadi matini iishe. Baada ya kupandisha toleo, kila mkato ukawa nakala ya matini yote iliyobaki, na faili lililosomwa kufumba na kufumbua likachukua dakika kadhaa. Ilinibidi nihesabu nafasi kwa namba badala ya kukata.

Jibu la 2
Kwenye Go tatizo la mleta mada bado lipo hadi leo, kwa kuwa kipande cha stringi hutumia kumbukumbu ya mzazi wake. Nilihifadhi tokeni (vitambulisho) fupi kutoka kwenye maombi (requests) yaliyotumwa kwa seva, ya megabaiti kadhaa, nikawa nayahifadhi maombi yenyewe bila kujua. Tumieni strings.Clone, inayotengeneza nakala ya kipande peke yake, iliyoingia Go 1.18 mwaka 2022, lakini kwa kile tu kinachokaa muda mrefu. Kunakili kila kipande ni hasara nyingine.

Jibu la 3
Wa JavaScript nao wawe macho: V8, injini inayoendesha JavaScript kwenye Chrome na Node.js, nayo hushikilia stringi mzazi kwa vipande vya kuanzia herufi 13.

Mleta mada
Ahsanteni. Jibu la 2 limenigusa, kwani huduma yetu mpya ni ya Go na ina kashe (hifadhi ya muda) ya tokeni za namna hiyohiyo. Naifungua sasa hivi.